Kuchora na Kusimulia: Njia ya Kuitambua Sonona kwa Watoto

Sonona ni ugonjwa unaowapata watoto kama unavyowapata watu wazima, na mtoto anaweza kuishi nao kwa miezi bila mtu yeyote nyumbani kujua. Mazungumzo haya, wasikilizaji wapenzi wa Gairo mjini, Kibedya, Chakwale, Rubeho, Nongwe na kila mahali redio inaposikika, yanahusu njia mbili za kuutambua mapema: kumpa mtoto karatasi achore, na kumpa nafasi asimulie.

Mazungumzo yatakwenda kwa mpangilio. Kwanza, sonona ya mtoto ikoje. Pili, kwa nini mchoro na hadithi husaidia pale ambapo maswali ya kawaida yanashindwa. Tatu, kazi yenyewe inafanywaje, hatua kwa hatua. Nne, makosa gani yaepukwe, hasa katika mazingira ya Gairo. Tano, utafiti wa Afrika Mashariki unafundisha nini. Na mwisho, mtoto akishaonyesha dalili, apelekwe wapi.

Jambo la kwanza, basi. Sonona ya mtoto ikoje? Je, ni huzuni tu? Hapana. Kila mtoto huhuzunika. Akinyang'anywa mpira hulia, akifiwa na babu yake hulia zaidi, na baada ya siku kadhaa hurudi kucheza. Sonona ni hali inayokaa. Wataalamu huitazama kwa kipimo cha majuma mawili au zaidi, karibu kila siku, na wakati huo maisha ya mtoto huanza kuharibika: shuleni, nyumbani na kwenye michezo.

Dalili zake ni zipi? Mtoto hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Binti aliyekuwa wa kwanza kuitwa kwenye rede sasa anakaa ukingoni mwa uwanja, na akiitwa anatikisa kichwa. Usingizi hubadilika, ama haji, ama unazidi. Chakula hakimpendezi. Darasani hasikii anachofundishwa ingawa macho yako ubaoni. Hulalamika tumbo, hulalamika kichwa, na akipimwa malaria haonekani kuwa nayo. Hujilaumu kwa mambo yasiyo yake. Na hapa pana jambo ambalo watu wazima wengi hulikosa: kwa mtoto, sonona mara nyingi huja na sura ya hasira. Badala ya kulia, anagomba. Badala ya kunyamaza, anapiga wadogo zake.

Ndiyo maana ugonjwa huu hupewa majina yasiyo yake. Mzazi atasema mtoto amekuwa mkaidi. Mwalimu atasema mvivu. Jirani atasema amechezewa. Kila mmoja ameona kitu cha kweli, lakini hakuna aliyemuuliza mtoto kwa namna ambayo mtoto anaweza kujibu.

Hapo ndipo penye jambo la pili. Kwa nini mchoro na hadithi?

Mtoto wa hapa hufundishwa adabu tangu anapoanza kusema. Humwamkia mkubwa, hushusha macho, hujibu kwa ufupi. Akiulizwa na mtu mzima, "Una nini?", jibu lake ni moja: "Hamna." Hajadanganya. Swali lenyewe ni kubwa kuliko maneno aliyonayo. Mtoto wa miaka sita au saba hajui bado kuitenga huzuni na hofu, au hofu na aibu, na kuvitaja kimoja kimoja. Tena anaogopa. Akisema nyumbani kuna ugomvi, je, atakuwa amemsema vibaya baba? Akisema hataki kwenda shule, je, atachapwa?

Karatasi hupunguza uzito huo. Mtoto anapochora, macho yake na ya mtu mzima yako kwenye karatasi, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Anapozungumza, anazungumza juu ya mtu wa kwenye mchoro, au juu ya sungura wa kwenye hadithi. Anaweza kusema sungura anaogopa kurudi nyumbani bila kusema kwamba yeye mwenyewe anaogopa. Huo ndio msaada mkubwa wa njia hii: humpa mtoto nafasi ya kusema ukweli wake akiwa amejisitiri.

Wazo hili si geni katika saikolojia. Mwaka 1926, Mmarekani Florence Goodenough alitoa kipimo cha kumwambia mtoto achore mtu. Yeye hakutafuta huzuni. Alihesabu vitu ambavyo mtoto amekumbuka kuviweka, kama vile macho, vidole na nguo, ili kukisia ukuaji wa akili yake. Mwaka 1948 John Buck alileta kipimo cha kuchora nyumba, mti na mtu, na mwaka 1949 Karen Machover alieleza namna ya kutafuta tabia ya mchoraji katika umbo la mtu alilochora. Mwaka huohuo wa 1949, Leopold Bellak na Sonya Sorel Bellak walitoa picha kumi za wanyama, ili mtoto atazame na kusimulia kinachotokea. Walichagua wanyama wakiamini kwamba mtoto mdogo hujiona kwa urahisi zaidi ndani ya mnyama kuliko ndani ya mtu mzima wa kwenye picha. Wazee wa Kikaguru wa hapa Gairo, waliokuwa wakiwasimulia wajukuu habari za sungura na fisi, wangelielewa jambo hilo mara moja.

Aliyeunganisha kuchora na kusimulia kwa ajili ya sonona hasa ni Rawley Silver, mwalimu na mtaalamu wa tiba kwa sanaa, aliyeanza kwa kufanya kazi na watoto viziwi. Kwa watoto wale, mchoro ulikuwa lugha kamili. Kipimo chake, kilichotoka mwaka 1988, kiko hivi. Mtoto huwekewa picha sahili 14 za watu, wanyama, mahali na vitu. Huambiwa achague mbili, afikirie jambo linalotokea kati ya hizo mbili, kisha achore anachokiona akilini. Akimaliza, asimulie hadithi ya mchoro wake: nini kimetokea, na nini kitafuata.

Hadithi hiyo hupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Alama 1 ni kwa hadithi yenye giza zito: mhusika yuko peke yake, hana msaada, amekufa au yuko hatarini kufa, au mmoja anamwangamiza mwingine. Alama 2 ni kwa hadithi ya hofu au ya mambo kukwama. Alama 3 ni ya katikati, isiyoelemea upande wowote. Alama 4 ni kwa mhusika mwenye bahati au urafiki, na 5 ni kwa mhusika mwenye furaha, anayeweza, anayependa na kupendwa. Silver mwenyewe alionya, na onyo lake lishikwe vizuri: alama 1 haimaanishi kwamba mtoto ana sonona. Maana yake ni kwamba mtoto huyo afuatiliwe kwa karibu. Na alama ya juu haimaanishi kwamba mtoto yuko salama.

Jambo la tatu sasa. Kazi hii inafanywaje?

Hatua ya kwanza ni ruhusa. Mzazi au mlezi aelezwe na akubali. Mtoto naye aulizwe, na akikataa, aachwe. Hatua ya pili ni mahali. Pawe patulivu, pasipo wenzake wa kuchungulia, lakini pasiwe mafichoni. Chini ya mti wa uwanja wa shule, mbali kidogo na madarasa, panatosha. Mtu mzima akae chini usawa na mtoto, kwenye mkeka au benchi lilelile, asikae nyuma ya meza na fimbo juu yake.

Hatua ya tatu ni vifaa. Karatasi nyeupe, penseli, na kalamu za rangi zikipatikana. Zisipopatikana, mavumbi na kijiti vinafaa, kwa sababu watoto wengi wamechora ardhini kabla ya kushika penseli. Hatua ya nne ni maelekezo, nayo yawe mafupi: chora chochote unachotaka, hii si kazi ya darasani, haina alama, haina kosa. Mtoto mwenye haya anaweza kuanza kwa kuchora mtu mmoja, au watu wa nyumbani kwao wakiwa wanafanya kazi zao.

Hatua ya tano ni ngumu kuliko zote: kunyamaza. Mtoto anachora, mtu mzima anatazama. Hasahihishi. Haulizi mbona mtu hana mikono. Hata sifa hazimwagi, kwa maana mtoto akisifiwa kwamba amechora vizuri, ataanza kuchora cha kumpendeza mkubwa.

Hatua ya sita ni kuuliza. Maswali yawe wazi, yasiyobeba jibu ndani yake. "Hebu nieleze mchoro wako." "Halafu ikawaje?" "Huyu anawaza nini?" "Nani anaweza kumsaidia?" Swali kama "Huyu ni baba anakupiga, siyo?" halifai kabisa. Mtoto mwenye adabu atajibu ndiyo kwa sababu mkubwa amesema, na kuanzia hapo hakuna atakayejua ukweli ni upi.

Uchukuliwe mfano wa kutunga. Binti wa miaka tisa, darasa la tatu, analelewa na bibi yake karibu na barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Kwa majuma kadhaa amekuwa akilala darasani. Anapewa karatasi. Anachora barabara, lori kubwa lenye magurudumu mengi, na magunia ya viazi vitamu yamepangwa pembeni. Watu hamna.

"Hebu nieleze mchoro wako, mwanangu."

"Barabara."

"Ehe. Na hiki hapa?"

"Lori. Linaenda Dodoma."

"Ndani ya lori kuna nini?"

Kimya. Kidole kinapita juu ya gurudumu, kinarudi, kinapita tena.

"Mama yumo."

"Mama anakwenda wapi?"

"Sijui. Hajaniaga."

"Na wewe uko wapi kwenye mchoro huu?"

"Mimi simo."

Mazungumzo haya yanaonyesha nini? Je, binti huyu ana sonona? Mchoro hauwezi kusema. Kinachoonekana ni mahali panapomuuma, na sasa mtu mzima anajua aanzie wapi. Hapo asikimbilie kumwambia "Mama atarudi", kwa kuwa hana uhakika. Aseme tu, "Hilo linauma," akae naye, kisha aulize yale ya kawaida: unalala saa ngapi, unakula, unacheza na nani, ni kitu gani bado kinakufurahisha. Na ikibidi, aulize bila kuzunguka kama mtoto amewahi kutamani asiwepo duniani. Kuuliza swali hilo hakumtii mtoto wazo la kujiua. Humpa nafasi ya kulitua.

Ikiwa mtoto hapendi kuchora, hadithi ichukue nafasi. Mtu mzima huanza, mtoto humalizia: "Sungura aliamka asubuhi akakuta nyumbani hakuna mtu. Endelea wewe." Katika anachokimalizia, yatazamwe mambo matatu. Je, mhusika anapata wa kumsaidia, au hakuna anayekuja? Je, kuna mwisho, au hadithi inakwama mahali pa giza? Na je, balaa lililotokea linaitwa kosa la nani? Mtoto anayesema mara kwa mara kwamba mambo mabaya yalitokea kwa sababu ya yule mdogo, huenda anasema namna anavyojilaumu yeye.

Neno hilo, mara kwa mara, ni muhimu. Mchoro mmoja wa siku moja hautoshi. Mtoto anaweza kuchora kaburi kwa sababu jana kijijini kulikuwa na msiba. Kinachotafutwa ni jambo linalojirudia: katika michoro ya siku tofauti, katika hadithi, na katika tabia ambayo mzazi na mwalimu wanaiona. Vitu hivyo vinapokubaliana, ndipo penye sababu ya kuchukua hatua.

Jambo la nne ni makosa ya kuepuka, na hapa Gairo ina la kufundisha.

Kosa la kwanza ni kusoma mchoro kwa kitabu cha nchi nyingine. Vipimo vilivyotajwa vilizaliwa Marekani. Katika kipimo cha nyumba, mti na mtu, bomba la moshi juu ya paa na ukubwa wa madirisha hutazamwa kama habari za moyo wa mchoraji na joto la nyumbani kwake. Mtoto wa Gairo atachora bomba la moshi la wapi? Nyumba anayoijua ina jiko la mafiga nje au kibanda pembeni. Akichora nyumba ya udongo yenye dirisha dogo, amechora nyumba yao. Hali kadhalika mti. Mti usio na majani huweza kusomwa kama dalili ya kukata tamaa. Lakini sehemu nyingi za Gairo ni kavu, na kiangazi kikishika, miti mingi ya nyika hupukutisha majani. Mtoto anayechora mti mtupu mwezi Agosti, huenda ametazama tu nje ya dirisha la darasa.

Kosa la pili ni kuhesabu familia kwa kipimo kimoja. Wakaguru, wenyeji wa sehemu kubwa ya wilaya hii, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba ana uzito wake. Watoto wengi hukua kwa bibi, kwa mjomba au kwa mama mkubwa. Mchoro wenye bibi na binamu bila baba si lazima uwe mchoro wa mtoto aliyeachwa. Aulizwe mtoto: hawa ni nani, na nani hayupo? Yeye ndiye ajuaye.

Kosa la tatu ni kutojua ngano za mahali. T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Ukaguru kuanzia miaka ya 1950, alikusanya ngano nyingi za Wakaguru, na mwaka 1961 alichapisha makala juu ya fisi na sungura. Alizitazama ngano hizo kama mahali ambapo mivutano ya ndugu wa ukoo wa mama hupata kusemwa. Ngano za sungura na fisi zina njaa ndani yake, zina hila, zina vifo. Sasa mtoto akisimulia kwamba fisi amemla mtu, mtaalamu aliyetoka mbali anaweza kuandika alama 1 na kushtuka, kumbe mtoto anarudia ngano aliyoisikia kwa bibi yake juzi usiku. Anayefanya kazi hii Gairo, basi, azisikie kwanza ngano za Gairo. Ndipo ataweza kutambua ni wapi mtoto ameibadilisha ngano. Pale alipoibadilisha ndipo penye sauti yake mwenyewe.

Kosa la nne ni lugha. Mtoto anayeota na kulia kwa Kikaguru au Kigogo asilazimishwe kusimulia kwa Kiswahili cha darasani. Asimulie kwa lugha ya nyumbani, na awepo mtu anayeijua vizuri, asiye wa familia yake.

Kosa la tano ni kuamini rangi na vialama. Watu husema mtoto akitumia rangi nyeusi ana huzuni, akichora mtu mdogo anajidharau, asipochora mikono anajiona hawezi. Je, ni kweli? Mwaka 2000, Scott Lilienfeld, James Wood na Howard Garb walichapisha tathmini ndefu ya vipimo vya aina hii, wakaonyesha kwamba vialama vingi vya mchoro wa mtu havina ushahidi wa kutosha wa kupima kile vinachodaiwa kupima. Mtoto hutumia nyeusi kwa sababu ndiyo kalamu iliyobaki kwenye boksi. Mchoro usisomwe bila mchoraji. Lirudiwe hilo: mchoro usisomwe bila mchoraji. Thamani yake iko katika maneno ambayo mtoto anayasema akiwa ameushika.

Jambo la tano: utafiti wa Afrika Mashariki unafundisha nini?

Somo la kwanza linatoka Dar es Salaam. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa yatima 41, waliofiwa na mzazi au wazazi kwa UKIMWI, pamoja na watoto wengine 41 wasio yatima, katika maeneo maskini ya jiji. Yatima walibeba zaidi matatizo ya ndani, yale ya huzuni na wasiwasi yasiyoonekana kwa nje. Lakini kulikuwa na mambo mengine yaliyokwenda pamoja na matatizo hayo: kulala na njaa, kutokuwa shuleni, na kutopata hata neno la pongezi mtoto anapofanya vema. Mtoto akichora sufuria tupu, basi, mtu mzima asianze kutafuta maana ya mbali. Aulize kama jana usiku walikula.

Somo la pili linatoka kaskazini mwa Uganda, katika kambi za Waacholi waliokimbia vita. Watafiti hawakubeba dodoso la ng'ambo na kulitafsiri tu. Walianza kwa kuwauliza wenyeji namna wanavyoyaeleza mateso ya moyo, na kutokana na maelezo hayo wakatengeneza kipimo cha Waacholi wenyewe. Kisha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipata tiba ya mazungumzo ya kikundi, jingine lilipata michezo na shughuli za ubunifu, na la tatu lilisubiri zamu yake. Tiba ya mazungumzo ilipunguza sonona, hasa kwa wasichana. Michezo ya ubunifu peke yake haikuipunguza. Somo hilo ni zito kwa kila anayependa kazi hii: kuchora kunafungua mlango, lakini mtoto mgonjwa hatibiwi kwa kuchora tu. Akishasema, lazima awepo wa kusikiliza kwa mpango na kwa muda.

Somo la tatu linatoka Moshi, na pia Bungoma nchini Kenya. Watoto 640 wa miaka 7 hadi 13, waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Tiba ilitolewa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa, wala hawakuwa madaktari. Sehemu ya tiba hiyo ilikuwa mtoto kusimulia, akiwa na mshauri wake, habari ya kifo cha mzazi. Katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo, watoto waliopata tiba walipungukiwa na dalili za kiwewe kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Maana yake kwa wilaya kama Gairo ni kubwa. Mwalimu, muuguzi wa zahanati au mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufundishwa kazi hii, maadamu kuna wa kumsimamia.

Na sasa jambo la mwisho: mtoto akishaonyesha dalili, apelekwe wapi?

Dalili zikiwa zimekaa majuma mawili au zaidi, mzazi amfikishe mtoto zahanati au kituo cha afya, na kutoka hapo hospitali ya wilaya. Kwanza apimwe magonjwa ya mwili, kwa kuwa upungufu wa damu, minyoo na maradhi mengine pia humlegeza mtoto. Hali ikiwa nzito, rufaa ipo. Gairo iko kati ya Morogoro na Dodoma, na Dodoma ndiko iliko Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe.

Mtoto akisema anataka kufa, hiyo ni dharura. Asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa za kuulia wadudu shambani, kamba na vitu vya ncha kali viondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto akichora au kusimulia jambo linaloashiria kwamba ametendewa ukatili, mwalimu au mhudumu asigeuke mpelelezi. Asimhoji tena na tena. Aandike maneno ya mtoto kama yalivyosemwa, autunze mchoro, na atoe taarifa kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure. Kwa sababu hiyo mtoto asiahidiwe kamwe kwamba alichosema hakitajulikana na mtu. Aambiwe ukweli tangu mwanzo: yatabaki kati ya watu wawili, isipokuwa yale yanayohatarisha maisha au usalama wake.

Na mchoro wenyewe? Ni mali ya mtoto. Usibandikwe ukutani, usipitishwe kwa walimu wengine kuchekwa, usipigwe picha na kurushwa kwenye makundi ya simu. Mtoto aliyeaibishwa mara moja hatachora tena.

Kwa muhtasari, wasikilizaji wapenzi: sonona ya mtoto ni ugonjwa, na mara nyingi huvaa sura ya hasira, uvivu au maumivu ya tumbo. Kuchora na kusimulia humpa mtoto njia ya kusema bila kuogopa. Michoro itazamwe zaidi ya mara moja, ilinganishwe na tabia, na ieleweke kwa nyumba, miti na ngano za hapahapa. Mchoro hautoi jina la ugonjwa. Mtaalamu wa afya ndiye hulitoa, baada ya kumsikiliza mtoto mwenyewe.

Ombi ni moja kwa kila mzazi, mlezi na mwalimu wa Gairo. Juma hili amtafute mtoto aliyenyamaza kupita kawaida, au aliyegeuka mkali ghafla, ampe karatasi na penseli, akae naye nusu saa bila simu na bila fimbo, na amuulize tu: hebu nieleze. Na akishaelezwa, asikae na jambo hilo peke yake. Zahanati ipo, afisa ustawi wa jamii yupo, na mtoto anangoja mtu mzima achukue hatua.